Orodha Mkononi mwa Mtani

Kosa alilolifanya Adila, hata mtoto wa chekechea wa Mlingotini asingelifanya: alimpa mtani kazi ya heshima.

Tena hakulazimishwa na mtu. Alikaa mwenyewe barazani kwake Zinga, nyuma ya kiduka chake cha sukari na sabuni, akaandika kwa mkono wake orodha ya nyimbo nne, akaipiga picha, akamtumia Msabaha kwa simu. Msabaha ni Mzigua wa Saadani. Adila na marehemu mumewe Mbaruk, na ukoo wao wote mpaka kuku wao, ni Wazaramo. Wazigua na Wazaramo wanataniana tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani kwako anaweza kujilaza kaburini kabla ya maiti, akaigiza marehemu alivyokuwa akikoroma, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kununa. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye wa kukabidhiwa kumbukumbu ya marehemu?

Lakini Adila angefanyaje? Kanda zote za Mlingotini Jazz alikuwa nazo Msabaha.

Bendi hiyo ilipokuwa hai, hapakuwa na harusi ya maana kutoka Mbegani mpaka Bunju iliyofungwa bila wao. Mtindo wao waliuita Tingisha Ungo, na waliotingisha wanaujua mpaka leo kwa maumivu ya viuno. Haidar alipiga ngoma, Abdala aliimba, Ally alipuliza tarumbeta, na Mbaruk alikuwa na gitaa la solo. Msabaha alikuwa fundi mitambo. Kila walipopiga yeye alitia kanda kwenye redio yake kubwa akarekodi, kisha akaandika juu ya kanda mwandiko ambao ni yeye na Mola wake tu wanaoweza kuusoma. Mbaruk alitangulia, miaka kumi na mitano sasa. Abdala akafuata, kisha Ally. Haidar alipozikwa mwaka huu, Adila akaona hakuna tena wa kumngojea. Wanne wote wamekwenda. Akapanga siku moja ya kuwakumbuka: asubuhi kisomo na dua, watu wale pilau, na baada ya swala ya alasiri zipigwe nyimbo nne, mmoja wa kila marehemu.

Alichagua nyimbo za subira. Bendi ilikuwa na nyimbo nyingi za wivu, za ulevi, na mmoja wa mbuzi ambao Adila hakutaka hata kuutaja. Za subira zilikuwa nne tu, na zilikuwa na adabu. Alitaka watu waondoke wakisema: wale walikuwa wanaume wa busara.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Adila alikuwa ameipoteza sauti ya mumewe.

Mbaruk alikuwa mtu wa vidole, si wa maneno. Hakuimba hata kiitikio. Alipofariki, simu yao ilikuwa ile ya tochi, haikuhifadhi sauti ya mtu. Binti yao Yasmini alikuwa na miaka miwili tu. Walimpata baada ya kungoja miaka kumi na mitatu, mpaka majirani walishachoka kuuliza. Basi mwaka jana, wakimenya muhogo jikoni, Yasmini aliuliza, "Ma-mama, baba alikuwa na sauti gani?"

"Nzito," alijibu Adila bila kufikiri. "Ya taratibu. Kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari."

Alipolisema hilo tu, moyo ukamshtaki. Akaitafuta sauti hiyo ndani yake, hakuiona. Sura ya Mbaruk ilikuwapo, na mikono yake, na harufu ya mafuta ya nazi aliyojipaka nywele. Sauti haikuwapo. Siku hiyo Adila aliwapa kuku chakula mara tatu, kwa kuwa kila alipotaka kulia alitoka nje. Na tangu siku hiyo, mtoto akiuliza habari za babake, anamweleza vidole.

Ingawa, kusema kweli, si kila mara mtu alipata nafasi ya kumjibu Yasmini. Binti huyu alikuwa na kisauti chembamba, kinakwama kwenye neno la kwanza, kikishanasuka kinamwaga mengine yote kwa mkupuo mmoja. Walimu walilalamika. Wateja dukani walimtaka arudie mara mbili. Adila naye, mara ishirini kwa siku: "Polepole, mwanangu. Unawahi wapi?"

Siku alipotuma orodha, Msabaha alipiga simu. Adila alikuwa bafuni, akapokea Yasmini.

"Ha-haloo shikamoo mama anaoga nimwambie nani amepiga?"

Kisha simu ikakatika. Ilipita nusu saa ndipo ikalia tena, na safari hii Adila akapokea mwenyewe.

"Mtandao wenu wa Saadani mmeutengeneza kwa samaki wa ng'onda?" alimuuliza.

"Ndiyo, shemeji," alijibu Msabaha kwa upole. "Orodha nimeipata. Nyimbo nne za subira. Nitazileta."

"Kama nilivyoandika, mtani."

"Wallahi, kama ulivyoandika."

Adila angeshtuka hapo. Mzigua akiwa mpole, mwenye akili hufunga kuku bandani.

Siku ikafika. Dua ilisomwa vizuri, pilau ikaliwa mpaka ukoko, na baada ya alasiri watu kama hamsini walikaa chini ya turubai uwani kwa Adila. Bi Nunu, dada mkubwa wa marehemu Mbaruk, alishika kiti cha mbele kabisa, miguu kanyoosha. Shurooq, binti wa Haidar, alikuja na trei lake la sambusa kutoka dukani kwao Bagamoyo mjini. Yasmini alisimama penye ndoo ya juisi ya ukwaju na kata mkononi. Msabaha alichelewa kuliko wote, mzee mwembamba kama kigingi cha hema, na furushi la ng'onda kwapani linalonuka toka barabarani. Shingoni alining'iniza flashi aliyohamishia kanda zake, kwa kamba ya kiatu.

"Wazaramo, mnanuka pilau!" aliwaamkia hivyo.

"Na wewe unanuka ukoo wako," alijibu Bi Nunu, na mkutano ukawa umefunguliwa.

Adila alisimama, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi siku tatu. Alisema leo hakuna kulia. Alisema wimbo wa kwanza ni *Mpunga wa Ruvu*, unaomfundisha mkulima asiukimbilie mpunga mbichi, na kwamba watamsikia marehemu Haidar kwenye ngoma. Akakaa, akakunja mikono mapajani.

Spika ikakoroma. Ikasikika sauti ya mtu akihesabu, "Moja, mbili..." na hapohapo ngoma zikaondoka. Tatu haikungojwa, wala nne. Haidar alikwenda mbio kama anayefukuzwa na nyuki, gitaa na tarumbeta zikimkimbiza nyuma kwa kutapatapa, na katikati ya ubeti wa kwanza, ule wa "mkulima tulia", ikasikika wazi sauti ya mwimbaji akilia, "Haidar! Haidar, tunakwenda wapi?"

Turubai lilitikisika kwa kicheko. Shurooq aliweka trei chini kabla sambusa hazijamwagika.

"Ndivyo alivyokuwa!" alisema akijifuta macho kwa mtandio. "Hata kula! Sisi tunasema bismillahi, yeye anasema alhamdulillahi!"

Adila hakucheka. Alimtazama Msabaha, na Msabaha alikuwa ametazama juu kuhesabu matundu ya turubai. Labda kanda zimechanganyika, alijiambia Adila. Kanda za zamani, joto, mende. Akasimama, akautaja wimbo wa pili, *Barua ya Pangani*, wa marehemu Abdala, ambao mtu anangoja jibu la barua bila kukata tamaa.

Abdala aliimba ubeti wa kwanza vizuri mno. Mama mmoja akasema "mashallah". Kisha akauimba tena uleule wa kwanza. Kisha akauimba mara ya tatu, kwa uchungu mkubwa zaidi, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni kwa mara ya tatu akijua kabisa haumo. Mwisho akaamua kusema kweli, lakini kwa tuni ileile: "Nimesahau, jamani, nimesahau..." Na waitikiaji, kwa kuwa wamelelewa vizuri, wakaitikia: "Amesahau, masikini, amesahau!"

Watu hawakujiweza. Mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa Abdala alisimama akaitikia naye, mkono juu, "Amesahau, masikini!" na upande wote wa wanaume ukadakia.

Adila alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye spika, mkono umenyooka kuelekea kwenye waya.

"Wifi!" iliita sauti ya Bi Nunu. "Mtani hakasirikiwi. Ukinuna, unatoa jogoo."

"Sijanuna."

"Basi huo uso umeuazima wapi?"

Kicheko kikamwangukia Adila. Akabaki ameshika kiuno badala ya waya. Mila ni mila. Jogoo alikuwa naye mmoja tu, na hakuwa tayari kumwona akienda Saadani. Akamgeukia Msabaha.

"Mtani, nilikwambia nini?"

"Uliniambia wimbo gani," alisema Msabaha, uso mkavu. "Hukuniambia siku gani. Hii ni orodha yako, shemeji. Imepungua nini?"

Wa tatu ulikuwa *Mtoto Hatambai Siku Moja*, wa marehemu Ally na tarumbeta lake. Ally alikuwa mtu wa kashata za ufuta, hilo kila mtu alilijua, na usiku ule wa kanda inaonekana alipanda jukwaani nayo mdomoni. Pale tarumbeta linapotakiwa kupanda taratibu kama mtoto anayejifunza kusimama, lilitoa mlio wa mbuzi. Mbuzi kamili, mwenye njaa. Hapo kwenye kanda wachezaji wa harusi ile, Mungu awarehemu waliokwisha kufa, wakaanza kupiga kelele: "Tena! Mbuzi tena!" Na Ally, ambaye hakuwahi kumnyima mtu kitu, akawapa mbuzi tena. Kumbe ndiko ulikotoka ule wimbo wa mbuzi ambao Adila hakutaka kuutaja.

Hapo ndipo Adila alipocheka. Alikibana kicheko kwa kiganja, kikatokea puani, akashindwa. Aliwaona. Ndivyo ilivyokuwa: aliwaona wote watatu. Haidar akimeza tonge bila kutafuna, Abdala akiingia nyumba siyo kwa kusahau yake, Ally na mfuko wa shati uliojaa ufuta. Tangu wafariki alikuwa akiwaombea dua kama marehemu, na leo wamekaa uwani kwake wakiwa watu. Alifurahi, na akaona haya kwa kufurahi, kisha akaacha kuona haya.

Halafu akakumbuka wa nne ni nani.

Furaha ikamkauka. Alimtazama binti yake aliyekuwa akicheka na kata yake kule kwenye ndoo. Haidar alikuwa na Shurooq aliyemjua, aliyekula naye miaka arobaini. Shurooq aliweza kumcheka babake kwa kuwa alikuwa naye wa kutosha. Yasmini alikuwa na nini cha Mbaruk? Alikuwa na picha moja ya studio na habari za vidole. Msabaha akimfanya Mbaruk kichekesho leo, kichekesho hicho ndicho mtoto atakachobaki nacho.

Alimfuata Msabaha kando ya spika, akamwinamia sikioni, wala hakumwita mtani.

"Msabaha, nakuomba. Huu wa mwisho uache. Mtoto hamjui babake."

Msabaha alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye bodaboda, hakuwa na neno la kuchekesha.

"Ndiyo maana, shemeji," alisema, akabonyeza.

Ulikuwa *Nangoja Mlangoni*, na gitaa liliingia peke yake. Hakuna aliyepiga gitaa hivyo tena pwani hii, na msimulizi hahitaji shahidi kwa hilo. Lilikwenda mbele hatua mbili, likarudi moja, lilibisha hodi, likangoja. Adila aliijua siku ile kwa kelele za nyuma yake: harusi ya Mlingotini, mwaka tisini na tatu, yeye akiwa msichana aliyekuja na shangazi zake. Akafumba macho. Naam, vidole. Vidole vilikuwa vyake.

*Ting!*

Uzi ulikatika. Gitaa likanyamaza, ngoma zikajikwaa, tarumbeta likafa kwa aibu. Kwenye kanda watu walianza kuguna na viti kuburuzwa. Harusi ilikuwa inanyanyuka kwenda zake. Ikasikika mikwaruzo ya kipaza sauti, na mtu akikohoa. Kisha mtu huyo akasema:

"Sa-samahanini jamani uzi umekatika subirini kidogo msiondoke na wewe dada mwenye kanga ya korosho usiondoke vilevile na huyo mama aliye mbele yako asogee kidogo ananizibia."

Kilikuwa kisauti chembamba. Kilikwama kwenye neno la kwanza, kikishanasuka kikamwaga mengine yote kwa mkupuo mmoja.

Bi Nunu aligeuka na kiti chake. "Yasmini! Umeshika kipaza sauti?"

Lakini Yasmini alikuwa palepale kwenye ndoo, kata imeinama, juisi inamchuruzika miguuni. Watu hamsini walikuwa wakimtazama yeye, kisha spika, kisha yeye.

Adila alikaa chini, popote, ikawa ni juu ya gunia la mchele. Miaka thelathini amekuwa akiisimulia hadithi hiyo. Uzi ulikatika, alikuwa akisema, babako akashika kipaza sauti akasema, hapo Adila anaifanya sauti nzito: "Binti mwenye kanga ya korosho, tafadhali, usiondoke." Uongo mtupu! Hapakuwa na binti, hapakuwa na tafadhali, wala habari za yule mama wa kuzibia alikuwa amezisahau kabisa, na alikuwa shangazi yake mwenyewe. Na ile sauti nzito ameitoa wapi? Aliishona mwenyewe, mwaka hadi mwaka, ikamfunika Mbaruk asionekane.

Na sauti yenyewe leo asubuhi ilikuwa imemuuliza chumvi iko wapi. Jana ilimwamsha kwa swala ya alfajiri. Ilikuwa ikimwita mama humu humu ndani, siku zote hizi, na yeye anaiambia ipunguze mwendo.

"Siku ile ulipopokea simu yangu," Msabaha alikuwa akimwambia Yasmini, na watu wote wanasikia, "nilijua ni babako amepokea anidai amplifaya yake niliyoiunguza Kiwangwa. Nilikata simu nikaenda kutia udhu. Waulize Saadani. Nilisali rakaa nne wakati si wa swala!"

Kicheko kilipanda mpaka kwenye turubai. Bi Nunu alikuwa analia na kucheka pamoja, akijipigapiga goti, "Ndugu yangu! Masikini ndugu yangu, alivyokuwa akisema kidogo, na hicho kidogo chenyewe mbio!" Kwenye kanda, Mbaruk alikuwa bado anafunga uzi mpya, akiujaribu, akiukaza, na watu wa mwaka ule walikuwa wamekaa tena kumsubiri.

Yasmini alikuja mbio na kata bado mkononi, akachuchumaa mbele ya gunia.

"Ma-mama mbona unalia na wewe ndiye uliyesema leo hakuna kulia na wewe ndiye dada mwenye kanga kumbe kweli?"

"Polep..." alianza Adila kwa mazoea, na neno akalirudisha kooni. Akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili.

"Sema tena."

"Ni-niseme nini?"

"Chochote. Hivyo hivyo mbio mbio."

Yasmini alifikiri kidogo. Uzi ulikuwa umeshakaa. Gitaa lilirudi mlangoni, likabisha hodi upya.

"Ju-juisi imebaki nusu ndoo na ba'mdogo Msabaha amekunywa vikombe vinne halafu anasema ukwaju wa Wazaramo hauna sukari na shangazi Nunu anasema umpe jogoo wake kwa sababu ulinuna yeye alikuona," alisema, na Adila akamsikiliza mpaka mwisho.